Alto Tulipopewa Wimbo: Safari ya Kwaya Kutoka Mbeya Hadi Tosamaganga

Daftari hili nililinunua Sokomatola kwa ajili ya kunakili nota. Kurasa za mbele zimejaa solfa, yaani nota za do re mi zinazoandikwa kwa herufi, za nyuma nimeandika safari, kila jioni kidogo kidogo, mara nyingine kwa mwanga wa simu. Ninayanakili hapa nikiongeza machache ninayoyakumbuka.

Kwaya yetu si ya kanisa moja. Ni watu wa Mbeya tu, kama thelathini hivi: walimu, wauguzi, fundi cherehani wa Mwanjelwa, mama muuza mchele, mzee mstaafu wa TAZARA, vijana wa chuo. Wapo Wamoravian, Walutheri na Wakatoliki, na yupo kaka mmoja Mwislamu mwenye besi ambayo wote tunaiegemea. Kinachotukutanisha ni nyimbo za kwaya zilizomo ndani ya opera, ile michezo ya kuigiza ambayo wahusika huimba badala ya kusema. Opera nzima hatuiwezi, maana hatuna okestra wala waimbaji wa kubeba zile sehemu ndefu za mtu mmoja. Tunachukua pale umati unapoingia jukwaani, wakiwa watumwa, askari au wanakijiji, basi tunaimba hapo. Kwenye tangazo la opera waimbaji wakubwa hutajwa kwa majina. Hawa wa umati hawatajwi, na mimi nawapenda hao.

Mimi ni alto. Kwa asiyezoea kwaya, alto ni sauti ya pili, inayokaa chini ya soprano, na kazi yake kubwa ni kuupendezesha wimbo wa mwenzake. Nimeimba alto tangu nikiwa shule ya msingi. Ukiniamsha usiku wa manane ukaniambia niimbe wimbo wowote wa kitabuni, kitakachotoka ni alto.

Jumanne, Mbeya

Mazoezi ya mwisho, kwenye darasa tunaloazimwa maeneo ya Forest. Baridi ya Juni imeshuka toka Loleza na kila mtu amekuja na sweta. Mwalimu amesema leo anataka jambo moja tu, nalo ni "Va, pensiero".

Huu ni wimbo wa watumwa wa Kiebrania katika opera ya Mtaliano Giuseppe Verdi iitwayo Nabucco, iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa La Scala, Milan, tarehe 9 Machi 1842. Nabucco ndiye Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Waebrania wamechukuliwa mateka, wamefungwa minyororo, wanafanyishwa kazi kando ya mto Frati, na wakiwa pale wanaituma fikra yao iruke kwa mabawa mpaka nyumbani, ikausalimie Yordani na minara ya Sayuni iliyobomolewa. Temistocle Solera, aliyeandika maneno, aliyachota kwenye Zaburi ya 137, ile ya mito ya Babeli na vinubi vilivyotundikwa mitini. Hakuna kati yetu aliyehitaji kuelezwa habari hiyo mara mbili.

Ugumu uko kwingine. Verdi aliwapa watu wote wimbo mmoja. Soprano, alto, teno na besi wanaimba kitu kile kile, wanaume wakiwa oktava moja chini, tena kwa sauti ya kushusha. Ni mpaka mnapofika maneno "Arpa d'or", yaani kinubi cha dhahabu, ndipo nguvu inapokuja na sauti zinapogawanyika. Kwetu hilo ni kinyume cha malezi. Mtoto wa kwaya huku Nyanda za Juu Kusini hufundishwa kugawana sauti mapema sana. Mpe wimbo usio na sauti ya pili, koo lake litaitafuta lenyewe. Ndivyo ilivyokuwa wiki zote hizi: soprano wanaanza vizuri, alto bila kuamriwa tunateremka tukatafute mahali petu, teno wanajipatia njia yao, na tukifika mstari wa tatu tunaimba wimbo mzuri wa Pasaka ambao Verdi hakuuandika.

Nota zenyewe hazikutusumbua. Kwenye nota za mistari mitano wimbo huu una alama sita za kupandisha, kwa sababu uko katika F♯ meja, na mtu wa mistari akiziona hukunja uso. Sisi wa solfa tunaandika juu ya karatasi "Do ni F♯", yamekwisha. Yanayobaki ni d r m f s l t na nukta zake. Mfumo huu ulianzishwa Uingereza na Sarah Glover, ukaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, ukaletwa na wamisionari, na huku kwetu bado ndio tunaopeana kwenye karatasi za kutoa kopi.

Leo mwalimu amezima kinanda, akatuvuruga mistari. Hakuna tena alto kusimama pamoja na alto. Kila soprano kawekwa kati ya alto na besi, kila teno kati ya wanawake. "Msinitazame mimi," akasema. "Kila mtu amsikilize aliye kulia kwake, amfuate huyo." Mimi nilisimama kati ya dada wa soprano anayefanya kazi benki na yule mzee wa TAZARA. Wimbo wa dada ukaja sikio la kushoto, wa mzee sikio la kulia, ule ule mmoja, na wangu katikati yao, ule ule. Alto wenzangu watanielewa. Miaka yote tumepewa so na fa tukae nazo, wimbo wenyewe ukipita juu ya vichwa vyetu. Leo nilikuwa nao mdomoni tangu mwanzo, na sikutaka mwalimu atupungie mkono tunyamaze.

Jumatano, Mbeya hadi Makambako

Tumeondoka alfajiri. Kosta imejaa mabegi, sufuria, na kinanda kilichoviringishwa kwa vitenge viwili. Uyole tumesimama kwa ajili ya chai na viazi, kisha tukateremka kuelekea bonde la Usangu ambako masweta yalianza kuvuliwa moja baada ya jingine. Igurusi na Chimala mpunga umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara. Pale Chimala upande wa kulia kuna ukuta wa milima, na barabara ya Matamba inaupanda kwa zile kona hamsini na saba, kuelekea Kitulo kwenye maua. Mama muuza mchele anasema aliwahi kuipanda nyuma ya lori la mbolea, na kwamba hatarudia.

Mwalimu amepiga marufuku kuimba ndani ya gari. Injini inanguruma, watu wanapandisha sauti bila kujijua, wanafika koo limeshachoka. Naona ana haki, ingawa Kosta yenye wanakwaya thelathini walionyamaza si jambo la kawaida. Badala ya kuimba ametusimulia habari za Verdi.

Kati ya mwaka 1838 na 1840 Verdi alizika watoto wake wawili kisha mke wake, Margherita. Opera yake ya kuchekesha iliyofuata ikaanguka vibaya usiku wa kwanza. Akaamua hataandika tena. Bwana Merelli, msimamizi wa La Scala, akambambikia kitabu cha maneno ya Nabucco achukue nyumbani akasome. Verdi mwenyewe alisimulia baadaye, akiwa mtu mzima mwenye jina, kwamba alipofika chumbani alikitupa mezani kwa hasira, kikafunguka, na macho yake yakaangukia maneno ya wimbo huu.

"Watoto wawili na mama yao," akasema muuguzi aliyekaa mbele yangu, "ndani ya muda huo mfupi. Halafu hakuandika kilio cha mtu mmoja. Aliandika cha watu wote." Amefanya kazi wodi ya watoto muda mrefu. Mwalimu hakuongeza neno juu ya hilo, na mimi nimeliandika kama alivyolisema.

Makambako tumefika mchana. Ni mji wa njia panda: barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapa, na reli ya TAZARA inapita, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mzee wetu alituacha akaenda kuitazama stesheni. Sisi wengine tulikuwa na shughuli ya kutafuta fuawe, kile chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake.

Maana tunaimba pia ile kwaya ya wahunzi ya Il trovatore, opera ya Verdi iliyotolewa Roma mwaka 1853. Kunapambazuka mlimani, Wagipsi wanaamka, wanashika nyundo, na nyundo zile zinagonga fuawe kwa mapigo ya wimbo. Bila chuma wimbo haukamiliki. Mbeya tulikuwa tunagonga kipande cha reli kilicholazwa sakafuni, kikitoa mlio mfupi wenye kukera. Kaka wa besi akasema jibu tunalo siku zote, shuleni na makanisani: ringi la gari lililoning'inizwa mtini, linalogongwa badala ya kengele.

Tukaingia kwenye gereji moja karibu na stendi. Fundi alitutazama tukigonga mali yake kwa kipande cha nondo, tukisikiliza, tukisogea.

"Mama, mnataka ringi au mnataka kengele?"

"Tunataka fuawe, mwanangu."

Akacheka, akatuletea mengine kutoka nyuma. Nilijifunza pale kwamba ringi likilala chini halisemi. Lazima lining'inizwe kwa kamba liwe huru. Ukigonga ukingoni mlio unakuwa mrefu na mwembamba, ukigonga karibu na matundu ya nati unakuwa mzito na unakatika upesi. Ringi la lori linatoa mvumo wa chini, la pikapu liko juu zaidi. Mpiga kinanda wetu alikuwa anaimba noti mdomoni baada ya kila pigo, akitafuta litakalokaa na wimbo bila kugombana nao. Tukachagua mawili, moja la lori na moja dogo. Nikauliza bei ya kukodi. Fundi akasema tuchukue tu, ila hilo kubwa lina gari lake, kwa hiyo tulirudishe tukipita, na tukipita tumwimbie asikie lilikuwa na kazi gani.

Alhamisi, Njombe

Kilomita kama 60 tu kutoka Makambako, lakini ni kama kupanda ghorofa nyingine. Asubuhi nyasi zilikuwa na weupe wa barafu sehemu za mabondeni. Miwati, misonobari, chai, na miparachichi michanga kila kilima. Wakina mama wa hapa wanasalimia "Kamwene" huku wamejifunga blanketi mabegani, na sisi wa Mbeya tunaojisifia baridi tulinyamaza.

Baridi kavu ni adui wa koo. Mwalimu ametuandalia maji ya moto ya tangawizi na asali kwenye chupa za chai, amekataza soda, na amewaambia soprano wafunge mitandio shingoni. Mchana tumekwenda kwa miguu kutazama maporomoko ya Luhuji, pale pale mjini. Kelele ya maji ilikuwa kubwa kiasi kwamba teno walijaribu kuimba wakashindwa kujisikia, nasi tukarudi.

Jioni tuliimba kwenye ukumbi mmoja, watu wamejaa mpaka madirishani. Wimbo wa wahunzi ulikwenda vizuri. Ringi tulilitundika kwenye boriti, kaka wa besi akawa mgongaji, na kila alipogonga watoto walioketi chini mbele waliruka. Kisha umeme ukakatika. Kinanda kikafa. Ikawashwa karabai moja na simu za watu.

Wimbo uliofuata ulikuwa wa Mtaliano mwingine, Puccini, kwaya ya mdomo uliofumbwa katika Madama Butterfly. Nauweka hapa kwa urefu kwa sababu usiku ule ndio ulioniingia kuliko yote ya Njombe.

Butterfly ni msichana wa Nagasaki aliyeolewa na afisa wa manowari wa Kimarekani. Bwana akaondoka. Miaka imepita, meli yake imeonekana bandarini, na mama huyu amevaa nguo yake ya harusi, amekaa na mtoto wake na mtumishi wake, anangoja aingie mlangoni. Anangoja usiku kucha. Puccini hakumpa maneno ya kuimba hapo. Aliweka kwaya nyuma ya jukwaa, isiyoonekana, soprano na teno, wakivumisha wimbo midomo ikiwa imefumbwa. Opera hii ilipotolewa La Scala mwezi Februari 1904 ilizomewa. Puccini akaipangua upya, na Mei mwaka ule ule huko Brescia ikapokelewa kwa shangwe.

Kuimba mdomo ukiwa umefumbwa kunaonekana rahisi kwa asiyejaribu. Midomo iguse tu, isibane. Meno yaachane ndani. Ulimi ulale. Nafasi ya kinywa ibaki kubwa, kama umeficha yai la kwale humo na hutaki livunjike. Ukibana meno mlio unakwama puani na baada ya muda mfupi noti zinaanza kushuka, kila mtu na kiasi chake. Kwa kuwa Puccini hakuandika alto, mwalimu alikuwa ametugawa, baadhi yetu tuwape soprano nguvu, wenye sauti nzito zaidi wakae na teno. Besi walipewa kazi ya kushika mlango wa chumba cha nyuma usifunguke wala usijifunge.

Tukaingia chumba kile gizani. Mwalimu akatoa noti kwa kifirimbi chake cha kutolea sauti, mara moja. Bila kinanda wimbo ulikuwa peke yake, nao ukapita mlangoni ukaenda kwa watu. Ukumbi ulisikika ukikohoa, kisha haukukohoa tena.

Baadaye bibi mmoja alitufuata nyuma, anatembea kwa fimbo. Tukamwamkia shikamoo wote kwa pamoja. Mwalimu alikuwa amewaeleza watu hadithi kabla ya wimbo, na bibi alikuwa ameishika. Akatuambia mama yake alingoja hivyo hivyo. Baba yake alikwenda manamba, kwenye mkonge wa Tanga, kama wanaume wengi wa Ubena enzi za ukoloni, kwa mkataba. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi. Yeye hakurudi. "Mama alikuwa anavuma hivyo hivyo akisaga," akasema, "mdomo hafungui." Nikamuuliza kama anaukumbuka wimbo wenyewe. Akauvumisha kidogo, pale pale mlangoni. Ulikuwa wa noti chache zinazozunguka. Yule dada wa benki akaushika, akaurudisha kwa bibi taratibu mpaka bibi akakubali kwamba ndio. Nimeuandika kwa solfa kwenye ukurasa wa nyuma kabisa wa daftari hili. Hauko kwa ajili ya kuimbwa na kwaya. Ni wa bibi.

Ijumaa, Mafinga

Siku ya kupumzisha koo. Msitu wa Sao Hill, misonobari iliyopangwa safu kwa safu, malori ya mbao, vumbi jekundu. Tumefua, tumelala mapema.

Jumamosi, Iringa

Tumepita Isimila bila kusimama, jambo lililonisikitisha, maana nilitaka wale vijana wa chuo wayaone mawe ya watu wa kale. Mchana tukawa mjini. Iringa inakaa juu ya kilima na Ruaha Ndogo iko chini yake, kwa hiyo kila unakotoka unapanda.

Wenyeji wetu ni kwaya ya hapa ambao kesho wataimba nasi. Walikuwa wameshapata karatasi zetu za solfa tangu mwezi uliopita. Jioni tukapanda pamoja Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalozungumza, tukakaa tukiutazama mji. Mwalimu akawaomba watuimbie "Va, pensiero" jinsi walivyoizoea. Wakaanza. Mstari wa kwanza mmoja, safi. Mstari wa pili alto wao wakateremka. Teno wakafuata. Mimi na alto wenzangu tukatazamana, kwa sababu tuliijua ile njia, kila hatua yake, na ilikuwa tamu. Mzee wa TAZARA alisema kwa sauti kwamba hata Verdi angeitaka. Mwalimu wao akacheka, akasema ndiyo shida yake tangu walipoanza.

Tukawachanganya kama tulivyochanganywa, mtu wa Mbeya kwa mtu wa Iringa, soprano kwa besi, juu ya jiwe lile. Aliyekuwa kulia kwangu ni mwalimu wa sekondari, alto kama mimi. Nikamwambia, "Dada, leo usinipe sauti ya pili. Chukua wimbo, ni wako." Akaniuliza, "Wote?" Nikamwambia wote, mpaka "Arpa d'or".

Jumapili, Kalenga na Tosamaganga

Baada ya ibada, kila mtu kwenye kanisa lake, tukakutana kwenye gari. Njiani tumesimama Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Fuvu lake liko pale kwenye kabati la kioo. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe hai na Wajerumani, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, na bado kilikawia hadi 1954. Vijana wetu walisimama pale muda mrefu. Mmoja aliuliza miaka yote ile familia ilikuwa inazika nini moyoni. Tuliporudi garini kaka wa besi alisema hataki tena kuelezwa watumwa wa Babeli walikuwa wanajisikiaje.

Tosamaganga ni misheni ya zamani, yenye kanisa kubwa na miti mikubwa. Wamisionari Wakonsolata kutoka Italia walikuja Iringa mwaka 1919, kwa hiyo Kiitaliano kimesikika kwenye vilima hivi zaidi ya miaka mia. Kwenye mazoezi ya mwisho alikuja sista mmoja mzee, Mtaliano, anayezungumza Kiswahili cha Iringa vizuri kuliko mimi. Akasikiliza, akatusifu kwamba irabu zetu ni nzuri kabisa. Halafu akatushika kwenye konsonanti. Kiitaliano kina konsonanti zinazobebwa mara mbili, na sisi tulikuwa tunazipitia juu juu. Alijaribu kutueleza, hatukushika. Ndipo mwalimu wetu akasema, "Mnavyosema mmea, ile m ya kwanza mnaikalia kwanza. Sasa ikalieni l hivyo hivyo." Mara moja tukaweza. Sista alipiga mkono kwenye goti akasema tusiguse tena kitu, twende tukaimbe.

Ukumbi ulikuwa na wanakwaya watupu, naweza kusema. Huku kila mtu aliimba au anaimba. Ringi la Makambako lilitundikwa mlangoni kwa kuwa boriti zilikuwa juu mno, na mgongaji akawa nusu nje nusu ndani. Wakataka wimbo wa wahunzi urudiwe, tukaurudia.

Kisha "Va, pensiero", kwaya mbili zimechanganyika. Tulianza chini kabisa. Watu wote mmoja. Sijui niandikeje jinsi sauti ya watu sitini inavyokuwa inapokuwa moja na haijapandishwa; unaisikia kifuani kabla ya masikioni, na huwezi kuitofautisha na yako. Nilimsikia dada wa sekondari akivuta pumzi nami nikavuta. Kwenye "Arpa d'or" tukafunguka, kila mtu na kipande chake, ukumbi ukajaa, halafu tukarudi tena chini mpaka ile noti ndefu ya mwisho inayopungua polepole.

Wakataka urudiwe nao. Mwalimu wetu aligeuka akawaambia kwamba kwa miaka mingi watu walisimulia kuwa usiku wa kwanza kule Milan wimbo huu ulirudishwa kwa nguvu ya watazamaji, ila mtafiti Roger Parker alipopekua kumbukumbu akakuta uliorudishwa ni mwingine wa opera hiyo hiyo, "Immenso Jehova". "Basi," akasema, "leo Tosamaganga tunaurudisha huu."

Mara ya pili ndiyo ninayotaka kuikumbuka mpaka nife. Hatukufika mbali. Kwenye mstari wa pili nikasikia kitu kutoka viti vya nyuma. Akina mama watatu au wanne wa makamo, midomo imefumbwa, walikuwa wameipata sauti ya pili, wanavumisha chini ya wimbo. Kisha wazee wa upande wa kushoto wakaweka besi. Hakuna aliyewaongoza. Nilimtazama mwalimu nikijua atainua mkono awanyamazishe, maana alikuwa amepigana na jambo hilo hilo wiki zote. Hakuinua. Alitupa sisi ishara moja tu, ngumi iliyofungwa: shikeni.

Tukashika. Sisi sitini hatukutoka kwenye wimbo hata kidogo, na ukumbi ukaimba pande zake zote. Nilikuwa na wimbo, na nyuma kule kulikuwa na mama nisiyemfahamu ananiimbia alto. Ninaijua kazi ile, ninajua anasikiliza nini, anangoja wapi, anapumua wapi ili mwenye wimbo asiachwe peke yake. Nimeifanya maisha yangu yote kwa ajili ya wengine. Sikuwahi kujua ikoje ukiwa upande huu.

Baada ya maonyesho nilimtafuta nikampata kwenye foleni ya pilau. Nikamwambia asante, mama. Akasema, "Ulikuwa unakwenda vizuri, nikasema nikusindikize."

Jumatatu, kurudi

Iringa wameomba tuwaachie nota zote, na mwalimu wao ameahidi kuja Mbeya na watu wake. Dada wa sekondari tumepeana namba.

Makambako tumerudisha ringi. Fundi alikumbuka ahadi. Tuliimba wimbo wa wahunzi pale gereji, kati ya magari yaliyopandishwa jeki, na vijana wake wawili wakaingia na nyundo zao kwenye mapigo bila kufundishwa, bora kuliko sisi tulivyowahi. Mwalimu aliwauliza kama wanaweza kufika Mbeya. Fundi akasema magari ya watu yanasubiri.

Uyole tumefika usiku. Mazoezi ni kesho kama kawaida. Mwalimu amekwishatoa kopi za wimbo unaofuata, kwaya ya wawindaji ya Weber, kutoka Der Freischütz, iliyotolewa Berlin mwaka 1821. Ni ya wanaume watupu. Alto tumemuuliza kabla hajashuka kwenye gari sisi tutaimba nini, naye ameahidi kutujibu kesho akishalala usingizi.